Sumaku ya Redio na Glasi ya Maji

Msikilizaji, ndani ya redio hiyo unayonisikilizia kuna sumaku. Imekaa nyuma ya spika, nene, ya mviringo, mfano wa bangili za mabibi harusi wa zamani, na ndiyo inayoifanya karatasi ya spika itikisike mpaka maneno yangu yakakufikia hapo ulipo. Hata anayenisikiliza kwa simu anayo, ila yake ni ndogo. Rika langu tuliijua sumaku hii kabla mwalimu hajatuandikia jina lake ubaoni. Redio ikifa, spika ilipasuliwa kwa jiwe, sumaku ikafungwa kamba na kuburutwa njiani kutoka nyumbani hadi kisimani. Ukiiinua, imeota ndevu. Vumbi jeusi limesimama wima kila upande kama manyoya ya paka aliyekutana na mbwa.

Leo nataka tuzungumze juu ya vumbi hilo jeusi, na juu ya maji ya kunywa.

Juzi nilikwenda kwa fundi redio wa mtaani kwetu. Nikamwambia, "Fundi, pole na kazi. Una spika mbovu?"

"Zimejaa tele, mzee wangu. Unataka ya wati ngapi?"

"Spika yenyewe sitaki. Nataka sumaku yake."

Akaweka chini bisibisi, akanitazama vizuri. "Mzee, na wewe umeanza kutafuta ile mekyuri inayosemekana imo kwenye redio za zamani?"

Tulicheka, akanipa sumaku bure. Nikaipitisha kwenye rundo la mchanga wa ujenzi la jirani, nikakusanya vumbi jeusi la kutosha kijiko kimoja, nikalisaga kwenye kinu cha tangawizi bila idhini ya mwenye kinu. Kisha nikalimimina kwenye glasi ya maji na kukoroga. Maji yakawa meusi kama yamewekwa mkaa. Nikaibandika sumaku ubavuni mwa glasi, kwa nje. Ile rangi nyeusi ikaanza kutembea. Ikajikusanya yote upande wa sumaku, imeganda ukutani mwa glasi kama doa la wino, na maji yaliyobaki yakaonekana mpaka kitako cha glasi.

Mjukuu wangu alikuwa ameegemea meza. "Babu, yamekuwa safi!"

Nikamwambia, "Yamekuwa meupe."

Sisi watu wa redio tuna msemo tunaoutoa kwa pumzi moja: maji safi na salama. Tumeusema katika taarifa za habari, katika hotuba za uzinduzi wa visima, katika matangazo ya wiki ya maji, mpaka maneno hayo mawili yameungana yakawa neno moja. Lakini kuna nchi ambako yalitengana, na gharama yake ilikuwa kubwa mno.

Miaka ya 1970 watoto wa Bangladesh walikuwa wakifa kwa kuhara, kwa sababu familia zilikunywa maji ya madimbwi na mito. Serikali, ikisaidiwa na UNICEF, ikahimiza visima vya bomba: bomba jembamba linazamishwa ardhini, juu yake inafungwa pampu ya mkono. Maji yakatoka meupe pe, ya baridi, hayana harufu wala wadudu. Watu wakavichimba kwa mamilioni, wengi kwa fedha zao wenyewe. Miaka ikapita. Watu wakaanza kutokwa na madoa kifuani na mgongoni, viganja na nyayo zikakakamaa na kuota vinundu vigumu. Wengine walipatwa na saratani ya ngozi, ya mapafu, ya kibofu. Majirani waliogopa kuwa ni ukoma. Mwaka 1993 ikathibitika kuwa maji ya visima vile yana aseniki, sumu isiyo na rangi, isiyo na ladha, isiyo na harufu. Mwaka 2000 makala iliyochapishwa katika jarida la Shirika la Afya Duniani ilikadiria kuwa kati ya Wabangladeshi milioni 125, walio hatarini ni kati ya milioni 35 na milioni 77, na ikasema hakuna tukio jingine katika historia ambapo watu wengi kiasi hicho wamelishwa sumu kwa pamoja.

Na ukichemsha je? Hapo ndipo pabaya. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini aseniki haina uhai wa kuuliwa. Maji yanapungua sufuriani, sumu inabaki palepale, kwa hiyo unachokunywa kimekolea zaidi. Kisima kikapimwa kimoja kimoja, karibu visima milioni 5, na zaidi ya robo vikakutwa na aseniki iliyopita kiwango cha nchi. Vibaya vilipakwa rangi nyekundu mdomoni mwa pampu, vizuri rangi ya kijani. Nafikiria mama anayetoka na ndoo, anaikuta pampu ya uani kwake imepakwa nyekundu, na maji yake ni yaleyale aliyokunywa jana, meupe vilevile.

Kiwango chenyewe kinachoelekezwa na Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. Tuseme kwa lugha ya nyumbani. Chukua gramu moja ya aseniki, uigawe sawasawa kwenye maboza kumi ya maji, kila boza lita 10,000. Hapo ndipo mwisho wa ruhusa. Bangladesh yenyewe imejiwekea kiwango cha mikrogramu 50, yaani gramu ileile kwenye maboza mawili. Kuitafuta sumu iliyosambaa namna hiyo na kuitoa si kazi ya kitambaa wala jungu la mchanga.

Sasa, kitu kimoja kinachonistaajabisha katika kisa hiki ni kwamba dawa na ugonjwa vimetoka nyumba moja. Aseniki ya Bangladesh haikumwagwa na kiwanda. Iliteremka na mito kutoka milima ya Himalaya, enzi na enzi, ikiwa imeng'ang'ania chembe za kutu ya chuma kwenye matope. Huko chini ya ardhi, pasipo hewa, bakteria waliiyeyusha ile kutu, na aseniki iliyoshikwa ikaachiliwa majini. Kumbe aseniki hupenda kutu. Ukiipa kutu mpya, itaing'ang'ania tena kama ilivyokuwa mwanzo.

Basi dawa si ngumu: weka kutu majini, ikoroge, sumu inate, utoe kutu. Maneno matatu ya kwanza ni rahisi. La nne ndilo lililowatoa watu jasho.

Kutoa. Fikiria umemwaga unga wa mhogo kwenye ndoo ya maji halafu mtu anakwambia urudishe unga wote. Ukiwa mchele ungetumia chujio, na zikiwa kokoto ungetumia mkono. Unga laini unapita kwenye kitambaa, na kitambaa kikiwa kizito unakiziba. Lakini unga laini ndio unaofaa, kwa sababu sumu haiingii ndani ya chembe, inanata juu ya uso wake tu. Donge la gramu moja la lile vumbi jeusi la mwanzo, ambalo ni jamaa ya kutu na wataalamu wanaliita magnetaiti, lina uso unaotosha kufunika kucha ya dole gumba. Gramu hiyohiyo ikiwa chembe za nanomita 12, uso wake unakaribia mita za mraba 100, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira wa wavu. Nanomita ni mita moja iliyogawanywa mara bilioni. Unywele wako mmoja una unene wa nanomita kama 80,000. Kwa hiyo mtego bora ni ule usioweza kuuona, kuushika wala kuuchuja. Umeitega sumu, na sasa mtego wenyewe umepotea ndani ya maji.

Wazee wetu waliujua ugumu huu kwa njia yao. Mbegu za mlonge zilizotwangwa, au shabu, na hapa nasema ile shabu ya zamani ya kusafishia maji, siyo hii inayokamatwa na polisi, zinafanya tope lijikusanye kuwa mabonge mazito yanayozama. Hapo unangoja, unamimina taratibu. Ni mbinu nzuri kwa tope. Kwa chembe za nanomita 12 utangoja mpaka wajukuu wazae.

Sumaku inaingia hapa, na hapa tu. Nasisitiza kwa sababu nikitaja maji na sumaku, atatokea mtu kesho na kidude cha kufunga kwenye bomba, anasema kinayapa maji nguvu na kuondoa kila maradhi. Huyo simo naye. Sumaku haivuti aseniki. Haivuti risasi, wala zebaki, wala rangi za viwanda vya nguo. Ukitumbukiza sumaku ya spika kwenye kisima chenye sumu, utapata sumaku iliyolowa. Kinachovutwa ni mtego, ambao umeshashika sumu.

Hata hilo lilidhaniwa haliwezekani kwa chembe ndogo hivyo. Nguvu ya sumaku juu ya chembe inategemea ujazo wake. Punguza upana nusu, nguvu inabaki sehemu moja ya nane. Ukifika nanomita chache, mtikisiko wa kawaida wa maji unaishinda sumaku, chembe inarandaranda bila kusikia wito. Wahandisi walitarajia ingehitajika mitambo mikubwa yenye sumaku kali sana. Mwaka 2006, Cafer Yavuz, Vicki Colvin na wenzao wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, Marekani, wakachapisha katika jarida la Science kwamba magnetaiti ya nanomita 12 inavutwa na sumaku dhaifu. Chembe hazitembei moja moja. Sumaku ikikaribia, zenyewe zinavutana, zinaungana kundi, na kundi lina uzito wa kusikia wito. Ukiondoa sumaku, zinaachana na kusambaa tena majini kama hazijawahi kujuana. Tabia hiyo ya kusahau ni neema, maana chembe ambazo zingebaki na usumaku wao zingegandamana kuwa donge, na ule uwanja wa mpira wa wavu ungerudi kuwa kucha.

Baadaye kundi hilo likaonyesha kuwa magnetaiti ya namna hii inaweza kupikwa jikoni kwa kutu, mafuta ya kula, siki na ile dawa ya kuzibulia mabomba ya sinki. Mafuta na dawa ya sinki vinatoa sabuni. Sabuni na kutu, vikipata moto wa kutosha, vinatoa chembe nyeusi. Nisieleweke vibaya: usijaribu kwenye jiko la mkaa ukiwa na watoto. Ila nilipenda wazo la wanasayansi wa Marekani kukaa wakahesabu vitu vinavyopatikana dukani kwa Mangi.

Magnetaiti peke yake ina mapungufu. Inaendelea kupata kutu, asidi inaila, na siyo kila sumu inaipenda. Ndipo watafiti wakaja na kile wanachokiita nanokompoziti ya sumaku. Jina linatisha, kitu chenyewe ni kama embe. Kokwa ni magnetaiti, kazi yake kuitika wito wa sumaku. Nyama ya nje ni mtego, nao unachaguliwa kulingana na sumu unayoiwinda. Zebaki hupenda salfa, kwa hiyo kokwa inavishwa kitu chenye salfa. Kwa risasi na shaba kuna kitosani, ambayo inatokana na maganda ya kamba na kaa, takataka ileile inayonuka pale soko la samaki la Feri jioni. Kwa rangi za nguo na mabaki ya dawa, mkaa wa vifuu. Majivu ya pumba za mpunga yana silika, na silika ni koti zuri la kuikinga kokwa isiliwe na asidi. Pwani yetu ingeweza kujaza ghala la malighafi hizi bila kuagiza kitu zaidi ya ufundi, na hilo si dogo kwa nchi kama Tanzania, ambako wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Kanda ya Ziwa bado wanakamatisha dhahabu kwa zebaki, mikono mitupu, kando ya vijito.

Lakini sumu yetu kubwa ya ardhini, kwa watu wa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Bonde la Ufa mpaka Nakuru, ni floraidi. Inatoka kwenye miamba ya volkano. Unaijua kwa meno ya kahawia, na ikizidi sana inapinda miguu ya watoto. Shirika la Afya Duniani linaelekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa sababu kushika kiwango cha dunia kungemaanisha kufunga visima vya vijiji vizima.

Pale Ngurdoto, mkoani Arusha, kuna kituo cha utafiti ambacho kimefanya kazi ya miongo kwa kitu cha kawaida kabisa: mifupa ya ng'ombe. Inachomwa kwenye tanuri mpaka inakuwa mkaa, inapondwa, inajazwa kwenye ndoo, maji yanapitishwa. Nakuru nao wametumia njia hiyohiyo chini ya dayosisi ya Katoliki. Sababu ya mfupa kufaa ndiyo sababu ya floraidi kudhuru: madini ya mfupa yanaipokea floraidi na kuikalisha ndani yake. Unauweka mfupa wa ng'ombe njiani ili upokee kile ambacho kingepokelewa na mguu wa mtoto. Wapo waliokataa, wakauliza mifupa hii ni ya mnyama gani na nani alimchinja, na swali lao lilikuwa halali. Leo watafiti wanayatengeneza madini hayohayo ya mfupa maabara, bila ng'ombe, na kuyavisha juu ya kokwa ya sumaku.

Arusha hiyohiyo ina Taasisi ya Nelson Mandela, na humo Dakta Askwar Hilonga, mtoto wa kijiji cha Gongali, Karatu, alibuni chujio linalounganisha mchanga wa kawaida na vitu vya kinano vinavyochaguliwa kwa sumu ya maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya ubunifu wa uhandisi barani Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Chujio lake halitegemei sumaku. Nalitaja kwa sababu ya ile hatua ya kuanza kwa kupima maji ya pale pale. Maji ya Karatu si maji ya Geita.

Na hapo nina ugomvi kidogo na makala za kitaalamu ninazozisoma. Karibu kila moja inatangaza kuondoa sumu kwa asilimia 98 au 99. Ukishuka chini kwenye maelezo, maji yaliyotumika ni maji yaliyokenekwa maabara, yakatiwa sumu moja tu. Maji ya kisima yana watu wengi ndani yake. Yana fosfeti, ambayo inafanana na aseniki kama pacha, kwa hiyo inaingia kwenye mtego na kukalia kiti cha mwenzake. Uchachu wa maji ukibadilika kidogo, mtego unalegea. Aseniki yenyewe ina sura mbili, na ile iliyo hatari zaidi ndiyo ngumu kunasa. Asilimia 99 ya maabara ikifika kijijini inaweza kushuka vibaya.

Nchi zilizothubutu kutumia sumaku kwenye mitambo mikubwa zilianza na punje kubwa kuliko nano. Huko Australia, mtambo wa Mount Pleasant ulianza mwaka 2001 kutumia punje za resini zenye usumaku ndani, zinazokusanyana na kuzama haraka. Wao walikuwa wakiwinda uchafu wa majani yaliyooza, siyo aseniki. Na huko Bangladesh kwenyewe, kifaa kilichoshinda tuzo ya dola milioni moja mwaka 2007 kilikuwa ndoo mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine, ndani yake mchanga, mkaa, vipande vya matofali na mabaki ya chuma yaliyotengenezwa kwa namna maalumu. Alikibuni Abul Hussam, mzaliwa wa nchi hiyo aliyekuwa akifundisha kemia Marekani. Hakuna sumaku. Chembe za chuma hazikuelea, zilikaa ndani ya ndoo, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuzifukuza. Mimi ningekuwa na kisima chenye aseniki leo ningezichukua ndoo za Hussam, na ningeendelea kusoma habari za sumaku jioni.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo sumaku inalifanya vizuri kuliko ndoo, na watu wa Rice walilitaja tangu mwanzo: takataka inakuwa kidogo sana. Badala ya gunia la mchanga wenye sumu, unabaki na kijiko cha tope jeusi. Unaweza kuliosha kwa magadi makali, aseniki ikaachia, chembe zikatumika tena. Lakini yale maji ya kuoshea sasa ndiyo yenye sumu, tena iliyokolea. Aseniki haichomeki ikaisha, wala haiozi. Umeitoa kwenye ndoo elfu moja na kuiweka kwenye chupa moja. Wengine wamejaribu kulifungia tope hilo ndani ya matofali na zege, na mabishano yanaendelea juu ya kinachovuja tofali likinyeshewa miaka ishirini.

Mjukuu wangu hakuwa amesoma makala hata moja. Alikuwa amekwisha kuichoka glasi, anataka kurudi mpirani. Nikamimina yale maji meupe kwenye sinki, nikaiondoa sumaku, na lile doa jeusi likalegea likashuka kitakoni.

"Babu, na hili tope tunalimwaga wapi?"

Nilisimama mlangoni na glasi mkononi, nikitazama uani. Kwa bahati ulikuwa mchanga wa jirani tu. Nikaumwaga chini ya mpapai, nikaenda kuosha kinu kabla mwenyewe hajarudi.